Mbwa yako na moto ya nyumba: mwongozo kamili ya kumutayarisha, kwa sisi watu wa Goma

Mbwa yangu Bobi hakuuawa na volkano. Ile Jumamosi 22/05/2021 Nyiragongo ilipotoka, lava ilisimama kule Buhene karibu na uwanja wa ndege, kwetu haikufika, tulilala inje na kesho yake tukarudi mu nyumba. Kisha tarehe 27 asubui mapema wakatangaza watu wahame kartie 10 kati ya 18 za muji, matetemeko ilikuwa haikatiki, kila mutu akashika mutoto na godoro, sisi tukaingia njia ya Sake. Bobi akabaki nyuma ya nyumba, amefungwa na munyororo yenye kadenasi, na ufunguo ya ile kadenasi ilikuwa mu mufuko ya baba mudogo mwenye alikuwa amekwisha kwenda na pikipiki. Tulisema ni siku mbili tu. Ikakuwa zaidi ya siku kumi. Nilipofungua mulango ya parsele (kiwanja ya nyumba) nilikuta sahani yake imepinduka, na munyororo imezunguka muti mpaka ikakuwa fupi kama mukono.

Tangu pale, kila mara moto inachoma nyumba mu kartie, kisha watu kuhesabu vitanda na mabati yenye imeungua, mimi nauliza kama kulikuwa mbwa. Mara mingi jibu ni moja: alikuwepo, alikuwa amefungwa. Kwa hiyo huu mwongozo unaanza na munyororo.

Munyororo, kamba, na mulango

Nenda pale mbwa yako anafungwaka na uangalie. Kama ni kadenasi, itoe leo. Munyororo ya chuma karibu na moto inakuwa moto sana, hautaweza kuishika na mukono, na kutafuta ufunguo mu giza na moshi ni kazi yenye hakuna mutu anaiweza. Weka pale kile kichuma cha kubonyeza kama cha kamba ya mufuko, chenye kinafunguka na kidole moja. Quincaillerie (maduka ya vyuma) za Birere zinauza, angalia tu kama kimekaza vizuri juu vile vya laini sana mbwa mwenye nguvu anavivunja. Na kichuma kikae upande ya shingo ya mbwa, hapana upande ya ukuta, juu ukishafungua upande ya ukuta mbwa anakimbia na munyororo yote nyuma yake, inashikwa mu mawe (unajua mawe yetu ya lava vile iko) na anabaki pale.

Kama hauna pesa ya kichuma, tumia kamba nene na utundike kisu karibu, kwa urefu yenye mutoto hafiki. Si vizuri kama kichuma lakini ni bora mara mia kuliko kadenasi.

Mukanda ya shingo isikaze, vidole viwili viingie, na usimufunge kabisa na waya ya umeme, waya inakata nyama mbwa akivuta juu ya woga.

Mbwa mwenye analala ndani naye ako na munyororo yake, ni mulango. Vijumba vya mbwa vya mbao vyenye vinafungwa na musumari ama kichuma kilichokunjwa, mbwa wadogo wenye kufungiwa mu jikoni usiku, yote ni kitu kimoja. Mulango yake ifunguke bila ufunguo, na kwa mukono moja, juu mukono ingine itakuwa imebeba mutoto. Kisha jaribu: usiku, bila taa, macho umefunga, toka kitandani mwako mpaka mbwa awe huru. Hesabu. Kama inapita hesabu ya kumi kisha kufika pale alipo, kuna kitu cha kubadilisha.

Moto yenyewe inatokaka wapi

Hapa kwetu nyumba mingi ni mbao, tena imebanana, ukuta ya jirani ni ukuta yako. Wenzetu wa Bukavu kule Kadutu wanajua hii habari kutushinda. Moto inatoka ku mbabula (jiko ya makala), ku bujie (mushumaa), ku waya ya umeme yenye imeunganishwa ovyo, na ku bido ya esanse (jerikani ya petroli) yenye mutu ameweka ndani ya nyumba ili auze kama kadhafi, wale wenye kuuza esanse ku barabara. Hii ya esanse sitaongea sana: usilaze bido ya esanse ndani, na usifunge mbwa karibu yake, basi.

Lakini mbwa mwenyewe anaweza kuleta moto na watu hawafikirie. Goma iko juu, usiku ni baridi, mbwa anatafuta joto, analala karibu na mbabula yenye bado iko na makala nyekundu, anajigeuza, anaisukuma. Mbwa mudogo anatafuna waya ya shaje juu meno inamuwasha. Mukia ya mbwa mukubwa inaangusha bujie ya kwenye kiti. Kwa hiyo mbabula ikae inje, juu ya mawe, makala izimwe na maji ama na majivu kisha kupika. Bujie uitie mu sahani yenye muchanga, pahali juu. Shaje utoe mu prizi wakati haitumiki.

Na kitu yenye inaua bila moto kuonekana: mbabula yenye kuwaka mu chumba yenye kufungwa. Inatoa gesi yenye haina harufu wala rangi, inalaza mutu na mbwa usingizi ya mwisho. Ukiona mbwa mwenye alikuwa muzima anapepesuka kama mulevi, anatapika, hataki kuamuka, na mbabula iko ndani, usianze kumuchunguza. Wote inje kwanza, milango wazi.

Kijumba cha mbwa kisigusane na jikoni. Meta chache tu katikati zinampa muda.

Kufundisha mbwa kuja: hapa njo kazi kubwa iko

Mbwa mwenye woga hakimbie inje kama watu wanavyofikiri. Anajificha. Chini ya kitanda, nyuma ya kabati, ku kona ya choo, pahali penye alikuwa anajisikia salama siku zote. Njo maana wengi wanapatikana kule kule kisha moto. Mbwa mwenye hajazoea kuja ukimwita, siku ya moto hatakuja hata ulie.

Hii inachukua wiki tatu ama ine, dakika tano asubui na dakika tano mangaribi, si zaidi, juu mbwa anachoka na wewe pia.

Wiki ya kwanza, simama karibu, hatua mbili tu. Sema jina yake na neno moja, kwetu tunasema "kuja", na akifika umupe sambaza (samaki ndogo ya ziwa) moja kavu. Sambaza moja tu, hapana mukono muzima. Neno isibadilike: leo "kuja", kesho "njoo hapa wewe", mbwa hajui kama ni kitu moja. Na watu wote wa nyumba watumie ile ile, hata koko (bibi ama babu). Rudilia mara sita saba kisha acha. Akishazoea, ongeza umbali, hatua kumi, kisha toka upande ingine ya nyumba, kisha umwite hata haukuoni.

Wiki ya pili leta sauti. Siku ya moto kutakuwa makelele, watu kulia, mabati kulia, na mbwa anapashwa kujua kama ile kelele ni wakati ya kukuja kwako, si wakati ya kujificha. Sisi tunapiga sufuria na mwiko. Anza polepole sana, mutu mwingine apige akiwa mbali, wewe unaita na unatoa sambaza. Kila siku karibu kidogo, nguvu kidogo. Mbwa akirudi nyuma, masikio chini, mukia ndani, umekwenda mbio sana, rudi siku mbili nyuma. Kisha muda sufuria yenyewe inakuwa kama kengele ya chakula: ukipiga tu, anatokea.

Wiki ya tatu mufundishe pale pa kwenda. Chagua pahali pamoja inje ya parsele, tuseme ku muti ya barabara ama mbele ya butiki, pale pale familia yote inakutania. Piga sufuria, fungua, tembea naye mpaka pale, umupe sambaza pale pale. Hapana njiani. Fanya mchana, kisha ufanye usiku, kisha ufanye siku yenye mvua. Tena tumia milango yote miwili kama unayo, juu moto haitakuuliza unapenda mulango gani.

Kitu moja naomba sana. Usimwite mbwa kisha umupige. Hata kama amekula nyama ya sufuria, hata kama ameharibu kiatu. Ukimwita akuje na anakuta fimbo, umemufundisha kama kuja kwako ni hatari, na hiyo atakumbuka siku yenye wewe unataka asahau.

Jaribu pia kumubeba. Mbwa mukubwa wa kilo ishirini na tano mutu moja anaweza kumubeba hatua chache, mukono moja mbele ya kifua, moja nyuma ya mapaja. Kama hajawahi kubebwa atakuuma. Muzoeshe na sambaza, kidogo kidogo.

Nani anashika mbwa

Kwetu 2021 kila mutu alifikiri mwingine amemufungua Bobi. Mama alifikiri ni mimi, mimi nilifikiri ni baba mudogo. Kwa hiyo toa jina. Mutu moja wa kumufungua, na wa pili kama wa kwanza hayuko. Usimupe mutoto mudogo hii kazi, juu mutoto anapenda mbwa na atarudi ndani kumutafuta.

Kisha majirani. Moto inaweza kuja mchana, uko kazini, parsele imefungwa, mbwa tu njo ako ndani. Mbwa wetu wa kulinda ni wakali, na tunapenda wakuwe wakali, lakini mbwa mwenye hakuna mutu mwingine anaweza kumugusa, hakuna mutu mwingine atamuokoa. Chagua jirani wawili, ama sentineri (mulinzi) wa parsele ya pembeni, wakuje mara na mara wamupe chakula kwa mukono yao mbele yako, wajue jina yake, wajue kichuma kinafunguka namna gani. Shefu wa nyumba kumi naye ajue kama kwako kuna mbwa na amefungwa upande gani. Ufunguo wa pili wa parsele ukae kwa mutu unamuamini.

Na juu ya ukali, chanjo ya kichaa. Mbwa mwenye woga anauma hata mutu wake, na siku ya kukimbia atakuwa katikati ya watoto na watu wengi. Mutoto wa mbwa anaweza kuchanjwa tangu miezi tatu, kisha unarudilia vile veterineri ameandika ku karatasi. Mbwa akiuma mutu, osha kidonda na maji mingi na sabuni dakika kumi na tano, kisha hospitali siku ile ile, usingoje uone.

Mufuko ya mbwa

Haina haja ya kuwa kubwa. Kamba ya pili, bakuli ya plastiki, karatasi ya chanjo mu sashe yenye maji haiingie pamoja na foto yako ukiwa na mbwa (ukimupoteza, foto njo inaonyesha ni wako), kitambaa refu ya kufunga mudomo, blanketi ya zamani. Chakula kavu ya siku tatu mpaka tano: sambaza kavu, unga, vyenye anazoea kula, juu mbwa akibadilishiwa chakula gafula anahara, na kuhara njiani bila maji ni kitu mubaya. Maji, mbwa wa kilo ishirini anakunywa karibu litre moja kwa siku, akitembea inaongezeka. Ujaze bido ya litre tano na ubadilishe maji kila wiki mbili. Mufuko ikae karibu na mulango, isikae chini ya kitanda.

Jina yake na namba yako ya telefone uandike ndani ya mukanda ya shingo na marka yenye haifutike. Dakika moja tu, na matetemeko ikikuja mbwa akaruka ukuta, hiyo dakika njo inamurudisha.

Siku ya moto

Watu kwanza. Nampenda mbwa na bado nasema watu kwanza, watoto, koko, mugonjwa.

Piga kelele, piga sufuria, toka. Kama mbwa ako njiani mwako umufungue, kama hayuko njiani usimufuate. Moshi inapanda juu, kwa hiyo inama, tembea karibu na chini. Mulango yenye imefungwa uguse na mugongo ya mukono, ikiwa moto usiifungue. Ukishafika inje, fungua kila mulango yenye unafikia bila kuingia, simama upande penye upepo inatoka, uite jina yake na "kuja" na upige sufuria bila kuacha. Mbwa mwenye amefundishwa anaweza kufuata ile sauti hata mu moshi yenye haoni.

Usirudi ndani. Nyumba ya mbao inaungua yote kwa muda kidogo sana, na moshi inaangusha mutu mbele moto imuguse. Wale wa kuzima moto usiwangoje kama njo suluhisho, barabara zetu unazijua. Kama moto imetoka ku umeme, usimwage maji mbele ya kukata disjonkteri (swichi kubwa ya umeme ya nyumba). Kama ni esanse, maji inaitawanya, tumia muchanga.

Mbwa akishatoka umushike. Umufunge mbali, kwa jirani wa tatu ama wa ine. Watu wanasahau hii: mbwa mwenye ametoka anarudi ndani, juu ndani njo kwake.

Kisha moto

Kama ameungua, maji ya baridi ya kawaida yenye kutembea juu ya kidonda dakika kumi mpaka ishirini, barafu hapana. Ni pale tu penye kuungua, sehemu ingine ya mwili uifunike blanketi juu usiku ya Goma itamuua na baridi. Hapana dawa ya meno, hapana mafuta ya mawese, hapana unga. Funika na kitambaa safi yenye imelowana kidogo na uende kwa veterineri. Usimupe dawa ya maumivu ya watu, ibuprofen inaharibu tumbo na figo ya mbwa, paracetamol nayo inaweza kumuharibu ini.

Kabla ya kumugusa umufunge mudomo na kile kitambaa, lakini kama anapumua kwa shida ama anatapika usimufunge. Angalia fizi zake. Zikiwa nyeupe, bluu, ama nyekundu sana kupita kawaida, ni hatari. Na mbwa mwenye amemeza moshi anaweza kuonekana muzima leo na kesho akaanza kukohoa na kuhema, kwa hiyo umuangalie siku mbili nzima, asikimbie, asifungwe shingoni, umufunge kifuani.

Volkano, na mazuku

Moto ya nyumba inakupa dakika. Volkano mara ingine inakupa siku, mara ingine, kama 2021, hakuna mutu amekuambia kitu mpaka unaona wingu nyekundu. Fuata rangi za OVG, wale wenye kuchunguza volkano hapa Goma: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Mimi ikifika njano najaza maji ya mbwa na naangalia mufuko. Ikifika chungwa mbwa anatoka ku munyororo, analala ndani na kamba ikiwa tayari.

Ukiambiwa kuhama, enda naye. Mudogo anaingia mu kikapu ya soko yenye kifuniko imefungwa na kamba, ama mu katoni yenye matundu. Mukubwa anatembea na kamba fupi upande ya ukuta, hapana upande ya magari. Chukudu (kile kikinga ya mbao ya kubeba mizigo) inaweza kumubeba akichoka. Pikipiki na mbwa mukubwa mwenye woga ni kuanguka tu. Ukipita Petite Barrière ama Grande Barrière (mipaka ya Rwanda) kwenda Gisenyi, uwe na karatasi ya chanjo mukononi. Ku boti ya Bukavu umufunge mudomo mbele ya kupanda.

Na kama kweli haiwezekani kwenda naye, hakuna njia, basi mufungue. Toa munyororo, mulango ya parsele iachwe wazi kidogo, maji mu vyombo vitatu vyenye havipinduke. Mbwa huru wa Goma anajua kutafuta. Najua watu watasema mbwa ataibiwa, atauma. Ni kweli. Lakini mimi nilirudi nikakuta ile munyororo.

Usimupitishe juu ya lava mupya hata kama juu inaonekana nyeusi na imekauka. Chini bado ni moto siku mingi, inachoma nyayo zake, na gesi inatoka: 2021 kuna watu walikufa wakikatisha njia juu yake. Majivu ikianguka, funika maji yake na umupanguse miguu, juu anajilamba.

Sasa mazuku. Ile gesi yenye inatoka mu udongo upande wetu wa magaribi, kule kuelekea Lac Vert na kando ya ziwa, ni nzito kuliko hewa, inalala mu mashimo na mu mabonde madogo, zaidi asubui mapema wakati upepo haiko. Mbwa pua yake iko chini, njo maana anaanguka mbele yako. Ukiona mbwa yako ameingia mu shimo na ameanguka gafula bila kitu kumugonga, USISHUKE. Hata kama anakuangalia. Watu wamekufa kwa kufuata mbuzi na mbwa mu mazuku. Kama ako na kamba na wewe uko juu, vuta kamba. Kama hana kamba, umuache. Njo sababu wakati wa kuhama, kama munalala inje upande ule, mbwa akae na kamba ndefu kila saa, na usilale wala kumulaza mu bonde, tafuta pahali pa juu penye upepo inapita.

Siku ya kurudi

Ingia peke yako kwanza. Angalia misumari, vioo, waya za umeme zenye zimelala chini, makala yenye bado inawaka chini ya majivu, maji yenye imesimama. Mwaga maji ya zamani yote. Harufu ya nyumba yenye imeungua haiko ile mbwa anajua, atatafuta kukimbia kurudi kule mulikuwa, kwa hiyo siku tatu ine za kwanza asiachwe peke yake. Umufunge na kamba ndefu kivulini, mutu akiwa karibu, na kile kichuma cha kubonyeza shingoni.